Cheni ya Eskaveta Imetoka Shambani: Mwongozo Kamili wa Kuirudisha, na Watu Unaowahitaji

Simu ninazopigiwa msimu wa mvua zinafanana. Mashine iko Ahero kwenye mfereji wa mpunga, au Chemelil kwenye barabara ya miwa, au Budalangi kwenye tuta la mto. Cheni imetoka. Opereta na tanboi, msaidizi wake, wamehangaika nayo tangu asubuhi, na sasa ni saa tisa, wingu limeshasimama juu ya milima ya Nandi.

Nikiuliza mko wangapi, jibu ni moja: "Tuko wawili, fundi."

Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Zana mara nyingi wanazo, na nguvu wanazo. Wanachokosa ni mikono ya kutosha, na mtu mmoja wa kutazama tu. Mwongozo huu ni wa eskaveta ya tani 20 hivi, ile tunayoiona kila mahali huku magharibi mwa Kenya. Mashine ndogo au kubwa zaidi hufuata hatua hizi hizi, ila vipimo vyake hubadilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa chochote

Kusanya vyote kwanza, uvipange juu ya turubai mahali pakavu. Kazi ikishaanza, mtu wa kutumwa dukani ni mtu mmoja aliyepungua.

- Pampu ya grisi inayofanya kazi, na mirija ya grisi isiyopungua minne ya gramu 400. Jaribu pampu kabla ya kutoka kambini.
- Soketi inayokaa sawasawa kwenye valvu ya kukaza cheni, na nyingine ya boliti za kifuniko chake. Spana ya kurekebisha iache. Huteleza, hula kichwa cha valvu, na baada ya hapo hakuna atakayeifungua.
- Mitaimbo miwili mizito, urefu wa mita 1.5 hivi. Iliyopinda iache nyumbani.
- Magogo yaliyopasuliwa, sentimita 15 kwa 15, urefu wa mita moja, yasiyopungua manane. Mkaratusi mkavu unafaa na huku kwetu haukosekani. Mawe na matofali hayafai, kwa sababu hupasuka ghafla bila kukuonya.
- Mbao mbili pana na nene za kuweka chini ya ndoo ya mashine.
- Koleo mbili, jembe, panga, na maji ya kuoshea.
- Futi ya kupimia, na uzi wa mwashi.
- Miwani ya kazi na glavu kwa kila mtu, buti ngumu, matambara.
- Kitabu cha mashine. Kama karatasi zimepotea, piga picha kibao cha modeli na umwombe muuzaji wa vipuri akutumie ukurasa wa kukaza cheni.
- Sanduku la huduma ya kwanza, na gari au pikipiki itakayobaki hapo hapo mpaka kazi iishe.

Hicho cha mwisho watu hukiona cha ziada. Utakapofika kwenye hatua ya grisi utaelewa kwa nini nimekiweka.

## Watu wanne, kila mmoja na kazi yake

Cheni ya upande mmoja wa mashine hii, pamoja na pleti zake (vile vyuma bapa vinavyokanyaga ardhi), ina uzito wa zaidi ya tani moja. Hakuna mtu anayeibeba. Mashine yenyewe ndiyo inayoizungusha, na watu wanaielekeza tu. Kwa hiyo hesabu watu kwa kazi zinazotakiwa kufanyika kwa wakati mmoja, usihesabu kwa nguvu za misuli.

Opereta anakaa kwenye kiti. Hatoki kuja kusaidia na mtaimbo injini ikiwaka. Hatembezi kitu chochote bila ishara.

Mwelekezi anasimama mahali ambapo opereta anamwona na yeye anawaona wengine wote. Hashiki zana yoyote. Ndiye mkubwa wa kazi kwa saa hizo, hata kama opereta ana miaka mingi kumzidi.

Mtu wa mbele ana mtaimbo kwenye aidla, lile gurudumu laini la mbele linaloiongoza na kuikaza cheni.

Mtu wa nyuma ana mtaimbo kwenye sproketi, gurudumu lenye meno linalozungushwa na mota.

Mkiwa wawili, mwelekezi ndiye wa kwanza kupotea. Opereta anazungusha cheni huku akikisia mwenzake yuko wapi. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya hivyo mimi mwenyewe, jioni, kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano. Mwenzangu aliniambia "kidogo tu," nikasikia "twende." Mtaimbo ulinaswa kati ya cheni na aidla, ukaruka, ukampiga pajani. Alikaa wiki sita bila kazi, na familia yake ikala kwa deni. Kosa lile lilikuwa langu, kwa sababu nilikubali kuanza tukiwa wawili.

Waliosomea vifaru vya vita wanaujua vizuri ubishi huu wa watu watatu au wanne, kwani kifaru nacho hutembea kwa cheni na hutupa cheni kama mashine zetu. Vickers Mk 3 ya Uingereza, ambayo Jeshi la Kenya liliinunua, hubeba watu wanne: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji wa makombora na dereva. M1 Abrams ya Marekani pia ni ya wanne. T-72 iliyoundwa na Wasovieti hubeba watatu, na Leclerc ya Ufaransa watatu, kwa sababu ndani kuna mtambo unaopakia makombora wenyewe. Kwenye mapigano mtambo huo unajaza nafasi ya mtu. Lakini cheni ikitoka matopeni, mtambo hauwezi kushika mtaimbo, haushindilii grisi, na usiku haukeshi kulinda.

Hesabu ya ulinzi peke yake inatosha. Usiku ukiwa na urefu wa saa nane, na mlinzi mmoja mmoja kwa zamu, watu wanne hukesha saa mbili kila mmoja, na watatu hukesha saa mbili na dakika arobaini. Kama ni lazima wawili wawe macho pamoja, wanne hukesha saa nne kila mmoja, na watatu saa tano na dakika ishirini. Kesho yake watu hao hao ndio wanaotarajiwa kushika spana. Kwetu adui ni mnyonya dizeli na mwizi wa betri, lakini usingizi unaopotea ni ule ule.

Wanaotetea kifaru cha watu watatu nao wana hoja: nyuma yao kuna kikosi cha mafundi na gari la uokozi. Hoja hiyo ipime kwa hali yako. Ikiwa kampuni yenu ina lori la ufundi linalofika ndani ya saa moja na mafundi wawili ndani, basi opereta na tanboi wanatosha kubaki na mashine, kwa sababu wale wanne watatimia lori likifika. Ikiwa mko ndani ya mashamba ya miwa na barabara imekatika, wanne wawe pale tangu asubuhi.

Mkiwa watatu: opereta, mwelekezi, na mtu mmoja wa mtaimbo anayehama kutoka nyuma kwenda mbele. Inawezekana, ila muda utakuwa karibu mara mbili, na mashine izimwe kila anapohama.

Mkiwa wawili: safisheni tope, pimeni, andaeni magogo. Mkifika hatua ya 4, simameni msubiri watu. Kijana wa kijijini anaweza kuwa mtu wa nyuma kama ana buti na amefundishwa ishara. Asiwe mwelekezi.

## Hatua ya 1: Simamisha na utazame

Cheni ikianza kupanda pembeni, utasikia mlio wa chuma unaogonga kwa mpigo, na mashine itavuta upande mmoja. Acha hapo hapo. Opereta wengi hujaribu kurudi nyuma kwa kasi wakitumaini itaingia yenyewe. Mara chache huingia. Mara nyingi hutoka kabisa, na kazi ya saa tatu inakuwa ya siku mbili.

Shusha ndoo chini, funga stiki ya usalama, zima injini, toa ufunguo. Ufunguo akae nao mwelekezi.

Sasa zunguka mashine na ujibu maswali matatu. Je, cheni imetoka kwenye aidla peke yake, au na sproketi pia? Imetokea upande wa nje au wa ndani, chini ya tumbo la mashine? Ardhi imelala, au mashine imeegemea mteremko au ukingo wa mfereji?

Ikiwa imetoka nje na ardhi imelala, endelea na mwongozo huu. Ikiwa imetokea ndani, simama. Hakuna njia salama ya kuisukuma bila mtu kuingia chini ya mashine, na mtu haingii chini ya mashine. Hapo unahitaji mashine ya pili ya kuivuta cheni kwa mkanda. Ikiwa imetoka kote na kulala chini, itabidi ifunguliwe kwa pini kuu, ile inayounganisha ncha zake mbili, na hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa vya kusukuma pini. Wanaoigonga pini hiyo kwa nyundo kubwa shambani hurukiwa na vipande vya chuma machoni.

Kwenye ukingo wa mfereji au tuta la mto, usiinue mashine kabisa. Ivutwe kwanza mpaka mahali palipolala.

## Hatua ya 2: Osha mpaka uone chuma

Udongo mweusi wa Kano na Nyando ukiloa hushika kama gundi, na ukikauka huwa saruji. Ukijaa kati ya meno ya sproketi na cheni, hula nafasi ambayo cheni inaihitaji ili iingie. Hata ulegeze grisi yote, cheni itakuwa fupi.

Chimbua kwa koleo na ncha ya mtaimbo, kisha mwaga maji. Safisha sproketi, aidla, rola za juu (vigurudumu vidogo vinavyobeba cheni), na hasa pale aidla inaporudi nyuma ndani ya fremu. Watu hupasahau hapo kwa sababu hapaonekani. Toa pia mabua ya miwa, waya na kamba zilizojifunga kwenye rola.

Kazi hii huchukua saa nzima na watu huichukia. Ni nusu ya kazi yote.

Umemaliza ukiweza kuona kila jino la sproketi mpaka shinani, na ukiona chuma kitupu nyuma ya aidla.

## Hatua ya 3: Legeza grisi

Hapa sitaki haraka yoyote.

Cheni hukazwa na silinda iliyojaa grisi ndani ya fremu. Ukipampu grisi, silinda inasukuma aidla mbele na cheni inakaza. Nyuma yake kuna springi kubwa sana iliyobanwa. Grisi iliyo ndani ina shinikizo linaloweza kupenya ngozi ya mtu.

Fungua kifuniko kidogo kwenye ubavu wa fremu. Utaona valvu, na katikati yake nipeli ya kuingizia grisi. Nipeli usiifungue. Unachofungua ni valvu.

Kaa pembeni, usikae mbele ya valvu. Uso, kifua na magoti viwe nje ya njia yake. Vaa miwani na glavu. Geuza valvu kuelekea kushoto polepole, robo mzunguko, kisha usubiri. Grisi itaanza kutoka kwa tundu la pembeni kama uzi mnene. Ikitoka, iache itoke. Usizidishe mzunguko mmoja mzima hata kama inatoka taratibu, kwani valvu ikifunguka kupita kiasi inaweza kuruka kama risasi.

Grisi isipotoka, usigonge fremu kwa nyundo, usipashe moto, usichomelee, na usimwite mtu wa kukata. Funga valvu na uite fundi wa mashine. Springi ile imeua watu waliojaribu kuifungua kwa moto.

Grisi ikimpiga mtu: kidonda huwa kama cha sindano na mara nyingi hakiumi mwanzoni. Mtu atasema yuko sawa. Hayuko sawa. Grisi iko ndani ya nyama, na baada ya saa chache mkono utavimba na kuanza kufa. Mpeleke hospitali kubwa yenye upasuaji siku ile ile, saa ile ile. Mkiwa upande wa Kisumu, nendeni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga badala ya zahanati ya karibu itakayomfunga bendeji. Mwambie daktari maneno haya: "Ni grisi ya shinikizo kubwa, imeingia ndani ya ngozi." Beba mrija wa grisi aone ni ya aina gani. Usikamue kidonda na usiweke kitu chochote juu yake.

Grisi ikipungua, kila mtu aondoke ubavuni. Opereta awashe injini, ageuze kibanda kielekee mbele, na aisukume aidla taratibu kwa mgongo wa ndoo, gogo likiwa katikati. Aidla itaingia ndani ya fremu, na grisi iliyobaki itasukumwa nje kupitia valvu. Ndiyo maana hakuna mtu anayesimama pale wakati huo.

Umefaulu kama aidla imerudi nyuma na cheni imelegea kiasi kwamba mtaimbo unaisogeza kwa mtu mmoja.

## Hatua ya 4: Inua upande mmoja, na uweke magogo

Geuza kibanda nyuzi 90, kielekee upande ambao cheni imetoka. Weka mbao pana chini. Shusha ndoo ikae kwa mgongo wake wa mviringo juu ya mbao, si kwa meno. Pembe kati ya mkono mkubwa na mkono wa ndoo iwe nyuzi 90 hadi 110, kwa sababu mkono ulionyooka sana huteleza. Sukuma chini taratibu mpaka upande huo wa mashine uinuke, na cheni ining'inie kiasi cha sentimita 20 kutoka chini.

Sasa panga magogo chini ya fremu, mawili mawili, ya juu yakikingama na ya chini. Rundo moja mbele, jingine nyuma. Yasukume kwa mtaimbo au kwa gogo lingine, mkono wako usiingie chini. Kisha shusha mashine kidogo mpaka uzito ukae juu ya magogo.

Kwa nini magogo, na mkono wa mashine unashika? Kwa sababu bomba la haidroliki likipasuka, mkono hauna kitu cha kushikilia. Hata bila kupasuka, silinda zilizochakaa huvujisha ndani, na mashine hushuka sentimita chache kila baada ya dakika kadhaa. Sentimita chache zinatosha kusaga mguu.

Ardhi ikizama, acha. Shusha, ongeza mbao, anza tena. Nimeona watu wakiongeza gogo juu ya gogo huku rundo zima likizama kama nguzo kwenye uji.

Hatua hii imefaulu ukipita dakika kumi bila magogo kusogea wala kuegemea. Tumia dakika hizo kunywa chai na kurudia ishara.

## Ishara nne, na sheria moja

Kelele ya injini inameza maneno. Kubalianeni kabla ya kuanza: mkono mmoja ukizunguka hewani polepole ni "zungusha kidogo." Ngumi iliyofungwa juu ni "simama." Mikono miwili ikikingama kifuani ni "zima injini." Kidole kikielekea nyuma ni "rudisha." Ishara ya kusimama inaweza kutolewa na mtu yeyote. Hizo nyingine ni za mwelekezi peke yake.

Sheria ndiyo hii: cheni ikizunguka, mtaimbo uko nje; mtaimbo ukiwa ndani, cheni imesimama. Mwelekezi haonyeshi "zungusha" mpaka awaone watu wote wawili wamerudi hatua tatu na mikono yao iko wazi.

Jambo moja linawachanganya hata opereta wazoefu. Kibanda kimegeuka, kwa hiyo stiki za kutembeza hazina tena mbele na nyuma ya kawaida. Kabla ya kuanza, watu wote wakiwa mbali, opereta aguse stiki kidogo na mwelekezi aangalie cheni inaenda wapi. Unataka upande wa juu wa cheni utoke kwenye sproketi uende kwenye aidla.

## Hatua ya 5: Ingiza cheni, nyuma kwanza

Anza na sproketi. Mtu wa nyuma anasogeza cheni kwa mtaimbo mpaka viungo vikae juu ya meno. Viungo vitatu au vinne vikikaa sawa, anatoka, mwelekezi anaonyesha "zungusha," opereta anazungusha kiasi cha pleti mbili, anasimama. Angalieni. Kama kiungo kimekaa juu ya ncha ya jino badala ya kati ya meno, rudisha na uanze tena. Ukilazimisha, jino litavunjika.

Kisha rola za juu. Cheni iwekwe ikae katikati yake.

Mwisho aidla, na hapa ndipo subira inapohitajika. Mtu wa mbele anaingiza mtaimbo kati ya cheni na ukingo wa aidla, anaivuta cheni kuelekea katikati mpaka kiungo kimoja kianze kupanda. Anachukua kabari ya mti mgumu, anaishindilia pale ili cheni isirudi, kisha anatoa mtaimbo na kuondoka. Zungusha pleti moja. Simama. Mtaimbo tena. Kila mzunguko cheni itaingia sentimita mbili tatu, halafu ghafla italala ndani kwa mlio mzito. Huo mlio ukiusikia mara moja hutausahau.

Kwa kawaida hutokea kati ya jaribio la nne na la kumi. Ukifika kumi bila dalili, tatizo haliko kwenye nguvu. Ama aidla haijarudi nyuma ya kutosha, ama kuna tope ulilolisahau hatua ya 2, ama cheni na sproketi zimechakaa kiasi kwamba hazioani tena. Rudi ukaangalie kwa mpangilio huo.

Cheni ikiingia, zungusha duara kamili polepole. Mwelekezi aangalie rola za chini, moja baada ya nyingine, ahakikishe viungo vinapita pande zote mbili za kila rola. Mara kadhaa nimekuta juu kumekaa vizuri na chini kiungo kimepanda ukingo wa rola. Ukishusha mashine hivyo, cheni inatoka tena kabla hujafika barabarani.

## Hatua ya 6: Kaza, kwa kipimo

Zima injini. Funga valvu kwa nguvu ya wastani kama kitabu kinavyosema. Futa nipeli isiingize mchanga, kisha pampu grisi. Utaona aidla ikisogea mbele.

Usikaze kwa macho. Inua mashine kidogo ili magogo yaondolewe, ishushe, iendeshe mbele na nyuma mita chache kwenye ardhi iliyolala, kisha vuta uzi juu ya cheni kutoka aidla mpaka rola ya juu na upime mbonyeo katikati. Mashine nyingine hupimwa chini, upande ukiwa umeinuliwa, kati ya fremu na mgongo wa pleti. Namba ya haki ni ile ya kitabu cha mashine yako, kwa njia ya kupima iliyoandikwa humo.

Cheni iliyolegea hutoka. Hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba cheni iliyokazwa kama gitaa huua sproketi, aidla, mota na pini kwa pamoja, na hunywa dizeli. Opereta aliyeumia mara moja na cheni iliyotoka huikaza kupita kiasi, na baada ya miezi michache mwenye mashine anauliza kwa nini vipuri vimeisha.

Kwenye tope, pima cheni ikiwa na tope lake la kazi, si ikiwa imeoshwa. Tope linalojaa kwenye sproketi linaikaza cheni lenyewe. Ukiikaza ikiwa safi kisha uingie mpungani, itakuwa imekazwa mara mbili.

Umefaulu kama, baada ya kutembea mita 50 na kukunja kushoto na kulia kwa upole, kipimo hakijabadilika na hakuna mlio wa kugonga.

## Kilichoitoa ndicho kitakachoitoa kesho

Usiondoke bila kujua sababu. Angalia meno ya sproketi: yakiwa yamechongoka na kuinama kama ndoana, muda wake umekwisha. Angalia boliti za pleti, kwani zikikosekana pleti hucheza na kuvuta cheni. Mafuta yaliyotapakaa kwenye rola au aidla ni dalili ya sili iliyokufa, ile pete inayozuia mafuta yasivuje. Grisi mbichi karibu na silinda, ambayo si wewe uliyeimwaga, ni cheni itakayolegea tena wiki hii.

Kama vyote viko sawa, muulize opereta alikuwa anafanya nini. Jibu mara nyingi ni kwamba alikunja kwa ghafla akiwa kwenye mteremko, uzito wote ukiwa upande wa chini. Kukunja kwa hatua ndogo ndogo, au kushuka kwanza mpaka palipolala, huchukua dakika tano.

Kila jioni tope litolewe kabla halijakauka. Watu wawili wenye koleo humaliza kwa nusu saa. Mtu mmoja aliyechoka ataliacha, na asubuhi litakuwa jiwe. Kila asubuhi, kabla ya injini kuwaka, mzunguko wa dakika kumi na tano: boliti, mbonyeo, uvujaji.

Na uwe na daftari moja ndani ya kibanda. Kila unapopampu grisi kwenye cheni, andika tarehe, upande, na umepampu mara ngapi. Upande wa kushoto ukidai grisi kila baada ya siku mbili na wa kulia unakaa wiki tatu, sili ya silinda ya kushoto imekwisha. Iagize leo, mashine ikiwa bado inatembea.